Siku sita Ziwa Victoria na Mama: Ndere, Rusinga, Mfangano mpaka Takawiri

Ijumaa

Nilitoka Nakuru asubuhi na matatu ya Kisumu, njia ile ya kawaida, Mau Summit, Londiani, Kericho kwenye majani chai, halafu unaanza kuteremka na joto linakuambia umekaribia hata kabla hujaona Ahero na mashamba yake ya mpunga. Sina mengi ya kusema kuhusu hiyo siku. Nilikuwa naenda kumchukua Mama.

Mama amekaanga na kuuza samaki Kisumu karibu miaka thelathini. Alianza na mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta, yaani sangara, inayobaki kiwanda kikishatoa minofu, na hiyo mgongo wazi ndio ilinisomesha mimi na ndugu zangu. Baadaye akaongeza ngege, yaani tilapia, na omena, wale dagaa. Miaka yote hiyo anashuka Dunga, bichi ya wavuvi hapo Kisumu, alfajiri kungoja boti zifike, anamjua samaki wa jana kwa kumwangalia jicho tu, upepo ukibadilika anajua kesho bei itakuwaje, lakini boti hajawahi kupanda. Hata siku moja. Alipokuja mjini kutoka Maragoli akiwa msichana aliambiwa mwanamke akikanyaga mtumbwi wa kuvulia analeta mkosi, nyavu zinarudi tupu, basi akabaki nchi kavu na wenzake wakingoja ndoo zishushwe, na miaka ikaenda hivyo.

Kazini kwangu watu wakisema wanaenda bichi wanamaanisha Diani ama Watamu. Sisi tuliolelewa Kisumu bichi ni mahali samaki wanatua, kuna mizani, kuna kelele, kuna paka. Sasa mimi nimekuwa nikisoma kuhusu hivi visiwa vyetu kwa muda, kuna mbuga ya taifa, kuna milima ya kupanda, kuna mchanga mweupe, na yote iko kwenye hili ziwa ambalo Mama amelitazama kila asubuhi. Nikaomba likizo ya Agosti nikamwambia wiki hii hatukaangi. Alinyamaza kidogo halafu akauliza, "Na mafuta niliyonunua?" Nikamwambia mafuta hayaozi.

Jumamosi, Ndere

Tulifika Dunga saa moja kasorobo asubuhi. Ukitaka kwenda Ndere enda mapema, na sio maneno ya kutisha watu, usiku upepo unatoka nchi kavu kwenda ziwani na asubuhi maji yanatulia, lakini jua likishapasha nchi kavu upepo unageuka, unaingia kutoka ziwani na mawimbi yanainuka, mchana mara nyingi kunakuja mvua na radi. Nilianza kumweleza Mama hayo yeye ndiye akanimalizia, kwa sababu ndio saa zake za kazi miaka yote.

Nahodha alimpa laifujaketi. Ilikuwa ndogo, ilimbana shingoni mpaka akawa anaivuta na kidole gumba njia yote, lakini hakuivua na mimi sikumruhusu. "Mama, kaa hapa katikati," nahodha akamwambia, akamshika mkono akaingia. Boti ikayumba kidogo. Akashika ubao kwa mikono miwili na hakusema kitu mpaka tukapita mafunjo ya Dunga.

Hatukufika mbali magugu maji yakatushika. Mtu ambaye hajayaona karibu anafikiri ni nyasi tu. Ni zulia, majani mazito yanayong'aa, maua ya zambarau mazuri kabisa, na chini yake mizizi myeusi imening'inia kama nywele za mtu. Yalijizungushia kwenye panga la injini mpaka ikazima. Nahodha akainua injini akatoa kisu na akaanza kukata, anatupa mafungu majini, na katika huo ukimya Mama akaachilia ubao kwa mara ya kwanza, akainama, akaokota fungu moja, akaligeuza kuangalia mizizi. Kulikuwa na konokono wadogo wamejishikilia humo. Akaniambia miaka ya tisini haya magugu yalifunga Dunga siku nyingi boti zikashindwa kutoka, watu walilala njaa, na yeye hajawahi kuyashika mkononi. Akayarudisha majini polepole. Injini ikawaka.

Ndere ni kisiwa kidogo, kilomita mraba 4.2 peke yake, na ni mbuga ya taifa tangu 1986. Lipa kabla hujatoka nyumbani kwa sababu KWS, wale wa wanyamapori, wanalipwa kwa eCitizen, mtandao wa serikali, ukienda na noti mfukoni utapoteza wakati. Hakuna magari ya kutembeza watalii, unatembea kwa miguu, na hiyo ndio raha yake. Vijia vinapita kwenye nyasi ndefu kuelekea kilimani katikati, swala wanakuangalia, wakishatosheka wanaendelea kula, na kuna pundamilia walioletwa kutoka bara. Kando ya maji tulikuta njia ya kiboko, imechimbika kama mtaro, renja akatuambia tusisimame hapo. Kenge mmoja mrefu kama mkono wangu na zaidi alikuwa anaota jua juu ya jiwe, na furukombe, yule tai wa samaki mwenye kichwa cheupe, alikuwa analia juu ya mti na mwingine anamjibu kutoka upande wa pili.

Huyo renja alikuwa mtu wa kuongea vizuri. Alisema Ndere kwa Kijaluo ni mahali pa kukutana, na hadithi inasema Mikayi, mama wa jamii, alipumzika hapa baada ya safari ndefu kutoka huko juu kwenye Nile, akaupenda huu ufuo akakaa na watu wake. Mama alisikiliza hiyo hadithi akiwa amesimama. Halafu akatafuta kivuli, akatandika leso, akakaa chini kabisa na kunyoosha miguu, akasema kama Mikayi alipumzika hapa na yeye anapumzika. Tulikaa nusu saa bila kuongea. Kutoka hapo unaona bara yote ya upande wa Seme, na Kisumu iko huko nyuma kwenye ukungu, mahali reli ilifika 1901 wakapaita Port Florence. Mama alikuwa anatafuta Dunga kwa macho. Hakuiona, na nafikiri hilo lilimgusa zaidi ya wale wanyama, kwamba mahali ulipomalizia maisha yako yote panaweza kuwa padogo hivyo kutoka upande wa pili wa maji.

Kurudi tulitoka saa sita, upepo ukiwa umeanza, tukalowa kidogo mgongoni. Kwa hivyo nasema tena, toka mapema na urudi mapema.

Jumapili, Luanda Kotieno na feri

Njia ya Bondo. Hapo Seme tulishuka kuona Kit Mikayi, yale mawe makubwa yaliyobebana, jina lake ni jiwe la mke wa kwanza, na baada ya hadithi ya jana Mama alitaka kuliona kwa karibu. Kulikuwa na watu wamekuja kuomba chini yake kwa hivyo hatukukaa, tukasalimia kwa heshima tukaendelea.

Feri ya kwenda Mbita inatoka Luanda Kotieno na inavuka karibu saa nzima. Inabeba malori, magari madogo, pikipiki, mbuzi, magodoro, na watu wa kutoka kanisani na nguo zao nyeupe. Mama alisimama kwenye chuma cha pembeni muda wote. Alishangaa lori la saruji liko juu ya maji na halizami. Jana alishika ubao kwa mikono miwili, leo alikuwa ameegemea anakula njugu.

Hapo katikati unaona vilima pande zote, Gembe mbele yako, Rusinga kulia, na Mama akaanza kuuliza majina. Hiki? Kile? Mimi nilijua vichache. Mama mmoja wa omena aliyekuwa karibu na magunia yake akamwonyesha vingine, wakaanza kuulizana bei za debe, na hapo mimi nikajua nimempoteza mpaka tufike.

Mbita tulilala gesti ya kawaida, maji ya ndoo, neti iko sawa. Barabarani kuna kibao cha Ruma, mbuga iliyo Bonde la Lambwe, kilomita mraba 120, mahali pekee Kenya unapoweza kuona korongo, wale swala wakubwa sio ndege, wakiwa porini. Mama alisoma kibao chote kwa sauti. Nikamwambia hiyo ni ya siku nyingine, wiki hii ni ya maji.

Jumatatu, Rusinga

Daraja linaunganisha Mbita na Rusinga, unapita tu na bodaboda.

Tulianza na kaburi la Tom Mboya, yule mwanasiasa, hapo Kamasengre. Jengo lenyewe limejengwa kwa umbo la risasi, na ukijua aliuawa kwa kupigwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969, akiwa na miaka 38, basi hilo umbo linakukaa kifuani. Mama alikuwa mtoto hata shule hajaanza lakini anasema anakumbuka watu wakubwa wakilia kwa redio. Alivua viatu kabla ya kuingia, hakuna aliyemwambia avue.

Hii Rusinga ndio mahali Mary Leakey, mtafiti wa mabaki ya kale, alipata fuvu la Proconsul mwaka 1948, kiumbe wa jamii ya nyani wakubwa aliyeishi karibu miaka milioni 18 iliyopita. Ukitembea kwenye makorongo yaliyoliwa na mvua, udongo wa kijivu na mwekundu, unaanza kuangalia unapokanyaga. Ukikuta kitu kinachofanana na mfupa kiache hapo hapo na uwaambie wenyeji, sheria hairuhusu kubeba na pia kikishaondolewa mahali pake kimepoteza nusu ya habari.

Lakini ninachotaka kuandika kuhusu Rusinga ni usiku. Kila mwaka uvuvi wa omena unafungwa kuanzia Aprili mpaka mwisho wa Julai ili wazaane, sasa sisi tulifika Agosti, umefunguliwa juzi, na mwezi haukuwepo. Omena wanavuliwa giza likiwa nene, mvuvi anaweka taa juu ya maji, wadudu wanaifuata taa, omena wanawafuata wadudu, halafu nyavu zinawazunguka. Mwezi ukiwa mkubwa taa haina kazi. Tulikuwa tumekaa nje ya gesti kwenye viti vya plastiki na Mama akaniuliza ule mji ng'ambo unaitwaje. Nikaangalia. Taa nyingi sana, mstari mrefu kutoka pembe moja mpaka nyingine, zinameta, zingine zinasogea. Nikamwambia Mama huo sio mji, hao ni omena wako.

Alisimama. Akasogea mpaka karibu na maji, akasimama hapo na leso amejifunika mabega, na sikumfuata kwa sababu niliona anataka kuwa peke yake. Miaka yote anawanunua asubuhi wakiwa wameshakufa kwenye debe, anawaanika kwenye neti, anawachambua kutoa mchanga. Hakuwahi kujua usiku wa kuwavua unakuwa hivyo. Aliporudi alisema kitu kimoja tu, kwamba wanaume wanakesha hivyo halafu asubuhi yeye anabishana nao shilingi kumi.

Jumanne, Mfangano

Boti ya abiria kutoka Mbita mpaka Sena ni kama saa moja na nusu. Mfangano kutoka mbali ni mlima uliotoka majini, kilele chake kinaitwa Kwitutu na kina mita 1,694, ziwa lenyewe liko mita 1,134, kwa hivyo ukifika juu umepanda zaidi ya mita mia tano na miguu inajua.

Wenyeji hapa ni Abasuba, watu waliovuka zamani kutoka upande wa Uganda. Lugha yao ni ya Kibantu lakini wamezungukwa na Kijaluo vizazi vingi mpaka watoto wengi sasa wanakua na Kijaluo, na Kisuba kimebaki kwa wazee. Tulipita kwenye makumbusho ya jamii yao kwanza, na hapo ndipo Mama alikutana na nyanya mmoja aliyekuwa amekaa kivulini anasuka kikapu. Mama alisalimia kwa Kiswahili. Nyanya akamjibu, halafu akageuka kumwambia mjukuu wake kitu kwa Kisuba, na nikamwona Mama ameinua kichwa. Amesikia. Sio yote, neno hapa neno pale, lakini Kilogooli cha nyumbani Maragoli na hicho Kisuba vina ukoo. Akakaa. Wakaanza kuhesabu kwa vidole, huyu anasema moja kwa lugha yake, yule anajibu kwa yake, wakifika namba inayofanana wanashikana mikono wanacheka, wakifika namba iliyotengana wanarudia polepole kila mmoja akimsahihisha mwenzake. Wakatoka kwenye namba wakaenda kwenye sehemu za mwili, pua, jicho, goti. Kwenye goti Mama akasema yake yanauma na hapandi mlima wowote, mimi niende.

Nikaenda na kijana wa hapo wa kututembeza, mimi na wageni wengine wawili. Njia inapita mashamba ya mahindi na mtama, halafu mawe, halafu msitu mdogo wenye mikuyu mikubwa ambayo hakuna mtu anakata kwa sababu mahali hapo ni pa heshima. Kijana alikuwa anataja kila jiwe na kila kona kwa jina la Kisuba. Nilimuuliza nani anajua haya majina, akasema yeye alifundishwa na babu yake na wenzake wa darasa hawayajui. Nikatoa simu nikawa narekodi, kwa ruhusa yake, na ukipita hapo nakuomba ufanye hivyo hivyo, mwache aseme jina, usiharakishe picha.

Kutoka juu ni maji tu. Magharibi ni upande wa Uganda, kusini Tanzania, Kenya sehemu yetu ni kama asilimia sita ya ziwa lote na ukiwa hapo juu ndio unaelewa hiyo asilimia sita, kwa sababu maji yanaendelea mpaka yanakuwa mbingu. Mawingu yalikuwa yanapita chini ya bega letu. Nilikaa na jasho likakauka.

Jioni tulienda kuona michoro ya Mawanga, na hapo Mama alikuja kwa sababu sio juu sana. Ni ukuta wa mwamba ulioinama kama paa, na juu yake kuna miduara nyekundu na nyeupe, duara ndani ya duara, mingine ina miale kama jua. Inasemekana ni kazi ya Watwa, wawindaji walioishi hapa kabla ya Abasuba kufika, na baadaye wazee wa ukoo wa Wagimbe walipatumia kuomba mvua. Usiguse. Mafuta ya vidole yanakula rangi, na kuna mahali mtu ameshaandika jina lake kwa mkaa kando ya duara, nililiona na likanichoma. Miaka yote hiyo rangi imestahimili mvua na jua, na mtu anakuja na kipande cha mkaa dakika mbili.

Jumatano, Takawiri

Hapa ndio watu wanakuja na nguo za kuogelea. Mchanga mweupe kweli, maji yanaingia polepole, unaona miguu yako ukiwa umesimama mpaka magotini. Nilikuwa nimengoja hii siku.

Kuhusu kuogelea nitasema wazi, hili ziwa lina kichocho, na wadudu wake wanatoka kwenye konokono wanaokaa penye majani na maji yaliyotuama. Mchanga mtupu na maji yanayopigwa na upepo ni afadhali kuliko penye magugu lakini hiyo sio kinga. Mimi niliogelea, nikajikausha na taulo mara moja, na baada ya wiki kadhaa niende hospitali nikapimwe, dawa ipo na inatibu. Usiogope ziwa lakini usilichukulie mchezo.

Mama hakuogelea. Alikunja leso mpaka magotini akatembea kando ya maji kutoka mwanzo wa mchanga mpaka mwisho, viatu mkononi, halafu akarudi, halafu akaenda tena. Kuna samaki wadogo walikuwa wanapita kwenye vifundo vyake akasimama kuwaangalia, akaniita nije haraka. "Fulu," akasema. Wale samaki wadogo wa rangi rangi waliokuwa wamejaa ziwani akiwa msichana kabla mbuta hajawamaliza. Sijui kama walikuwa fulu kweli au vitoto vya ngege, nilipoinama walishatawanyika. Yeye alibaki ameinama hapo muda mrefu, mkono mmoja ndani ya maji, bila kuusogeza, akingoja warudi.

Mchana tulikula ngege wa kuchemsha na kuon, yaani ugali. Mama alimwambia aliyepika kwamba chumvi iliingia mapema mno, wakaongea hilo jambo vizuri, na tulipotoka alifungiwa mwingine kwenye karatasi bila kulipa.

Alhamisi

Boti mpaka Mbita, feri, matatu, Kisumu saa kumi jioni. Mama alilala kuanzia Bondo kichwa kikiwa begani kwangu.

Ijumaa asubuhi nilipoamka hakuwa nyumbani, alikuwa ameshaenda Dunga. Nilimkuta kwenye meza yake, sufuria iko motoni, mafuta yale yale, na wenzake wanne wamemzunguka anawaonyesha kwa mkono, Ndere iko huku, Rusinga unapita hapo, Mfangano iko nyuma kabisa. Wanataka kuchanga pesa waende wote Desemba. Ameshapatana bei na nahodha. Na mimi ameniambia nikirudi Nakuru nimtafutie laifujaketi yake mwenyewe, saizi kubwa, kwa sababu ile ya boti ilimbana shingo.